Maboksi Mawili Yaliyofanana



Leo naomba tuweke kando siasa, bei ya mafuta na mpira wa miguu, tuzungumze juu ya boksi. Ndiyo, boksi. Boksi la dawa, boksi la kiberiti, jalada la daftari, noti iliyomo mfukoni mwako, pindo la kanga. Najua wapo watakaosema mtangazaji leo ameishiwa. Nawaomba subira, maana jambo lenyewe lilinifikia nyumbani kwangu saa kumi ya usiku, na likaishia kwenye teksi ya kwenda hospitali.

Mama yangu mzazi amepita miaka 70. Ana sukari na ana presha, kama walivyo wazee wengi wa mjini siku hizi. Kwa miaka kadhaa alikuwa akimeza dawa zake bila msaada wa mtu: ya sukari asubuhi pamoja na chai, ya presha usiku kabla ya kulala. Ya sukari ilikuwa katika boksi la kijani. Ya presha ilikuwa katika boksi jeupe lenye picha ya moyo. Hakuwa na haja ya kusoma. Mkono ulikuwa umeshazoea rangi.

Halafu mwezi mmoja duka la dawa tunakonunua likawa limeishiwa ile ya presha aliyoizoea, tukapewa ya kiwanda kingine. Dawa ni ile ile, nguvu ni ile ile, na muuzaji alitueleza vizuri kabisa. Mwezi uliofuata na ile ya sukari ikabadilika, nayo ikatoka kiwanda hicho hicho. Sasa tukawa na maboksi mawili meupe, ya ukubwa mmoja, yote mawili yana mkanda wa bluu upande wa kushoto, yote mawili yana nembo ya kiwanda iliyochapwa kubwa kama vile nembo ndiyo inayomezwa. Jina la dawa lilikuwa chini yake, kwa herufi ambazo mimi mwenyewe, mwenye macho mazima, nilizisogeza kwenye mwanga. Na mimi ndiye niliyeyapokea maboksi hayo. Mimi ndiye niliyeyaweka juu ya kimeza cha mama, nikayapanga sambamba, nikaona pamependeza.

Kwa siku mbili mama alimeza ya sukari asubuhi, na usiku, akidhani anameza ya presha, akameza ya sukari tena, akalala bila kutia kitu tumboni. Usiku wa pili nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, nguo zimelowa jasho, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Sukari ilikuwa imeshuka. Hospitali walimtundikia dripu ya glukosi, na kulipopambazuka alikuwa amekaa anaulizia chai. Daktari akaomba kuziona dawa zake. Nikayatoa maboksi mawili kwenye mkoba. Akayatazama, akayageuza, akayarudisha mkononi mwangu.

"Hata mimi ningekosea," akasema.

Ndugu msikilizaji, maneno hayo hayakunifariji. Kama daktari angekosea, basi kosa halikuwa la macho ya mama peke yake. Lilikuwa pia la mtu fulani aliyekaa mahali fulani mbele ya kompyuta, akaamua kwamba maboksi yote ya kiwanda chake yafanane. Na sababu anayo. Kiwanda kinapenda bidhaa zake zitambulike kwa mbali kuwa ni za ukoo mmoja, kama watoto waliovalishwa sare za sikukuu. Kuandaa mpangilio mmoja na kuutumia kwa dawa hamsini ni rahisi kuliko kuandaa mipangilio hamsini. Rafuni maboksi hayo yanavutia sana. Lakini mama yangu haishi rafuni.

Niliposomea stashahada ya uandishi wa habari tulifundishwa kupanga ukurasa wa gazeti: kichwa cha habari kiwe na ukubwa gani, safu ziwe ngapi, picha ikae wapi, na pale palipoachwa wazi pasidhaniwe kuwa pamesahauliwa. Nilifaulu somo hilo, kisha nikaajiriwa redioni, mahali ambapo ukurasa hauonekani, nikalisahau. Usiku ule wa hospitali ulinirudisha darasani. Tangu hapo sishiki kitu kilichochapwa bila kukigeuza mara mbili, hata wenzangu kazini wameanza kunitania.

Kazi hii ya kuchagua herufi, rangi, picha na nafasi, ili kitu kilichochapwa kimwambie mtu jambo, wenyewe wanaiita usanifu wa grafiki. Jina zito. Ukilisikia unafikiri ni mambo ya mabango makubwa ya barabarani na vijana wa kompyuta. Kumbe sisi watu wa pwani tumekuwa mahakimu wa kazi hiyo tangu enzi za bibi zetu.

Chukua kanga. Kanga ni ukurasa uliochapwa. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ndani ya mji, upande wa chini, lina jina lake, ndiyo yale maneno. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso, neno tulilolipata kwa Wareno, wakaziunganisha vipande sita kuwa nguo moja. Baadaye wafanyabiashara wakaona ni heri kuchapa nguo nzima. Maneno yalianza kuwekwa mwanzoni mwa karne ya 20, na anayetajwa sana kwa jambo hilo ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Mwanzo maneno hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha zikashika herufi za Kirumi. Huku kwetu Dar es Salaam, kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, nacho kilichapa kanga ambazo mpaka leo zimo katika masanduku ya mama zetu.

Sasa itazame kwa jicho la fundi. Rangi zake ni chache, mara nyingi mbili au tatu juu ya nyeupe, na uchache huo ndio unaoifanya ionekane kutoka ng'ambo ya barabara. Jina limeandikwa kwa herufi kubwa tupu, mstari mmoja, halina mapambo. Na mahali lilipowekwa si pa bahati nasibu: mwanamke anapojifunga, jina linaangukia nyuma. Aliyeipanga kanga alimjua msomaji wake yuko wapi. Yuko nyuma, umbali wa hatua tano, na pengine wana ugomvi.

Mama yangu hanunui kanga kwa kuipapasa tu. Humwambia mwenye duka aikunjue, asogee nayo mpaka mlangoni, ageuke. Akiona jina halisomeki kutoka pale alipokaa, anaitisha nyingine. Nikiwa mtoto nilikuwa naona aibu, naona mama anasumbua watu. Kumbe alikuwa anaipima kazi kwa kipimo chake sahihi, ambacho yule bwana wa maboksi meupe hakukitumia.

Mifano mingine tunayo mingi, nami nitaipitia haraka. Daladala za Dar es Salaam zilipigwa mikanda ya rangi ubavuni kwa kufuata njia zake, na mgeni asiyejua kusoma akafika aendako kwa kuambiwa rangi tu. Fuvu la kichwa lililo kwenye nguzo ya umeme halihitaji mfasiri. Jalada la nyuma la daftari la shule lilikuwa na jedwali la kuzidisha, na mimi saba mara nane niliijulia pale, si ubaoni. Mpaka leo nikitafuta jibu naliona jalada, na doa la mafuta ya taa pembeni yake. Noti ya shilingi 10,000 ni nyekundu, basi watu wakaiita msimbazi, kwa ajili ya Wekundu wa Mtaa wa Msimbazi, na hata shabiki wa Yanga akiidai anaitaja kwa jina la mahasimu wake. Benki Kuu haikuipa jina hilo. Rangi ndiyo iliyolileta.

Lakini mfano unaopita yote ni karatasi ya kura. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, wakati wa chama kimoja, kila jimbo lenye ushindani lilikuwa na wagombea ubunge wawili, na wapiga kura wengi hawakuwa wakijua kusoma. Serikali ikafanya jambo la busara: mgombea mmoja akapewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Marehemu baba yangu alikuwa akisimulia jinsi vijana walivyobishana vijiweni kwa miaka mingi baadaye, kwamba huwezi kula nyumba, na mwenzake anajibu kwamba jembe halikukingi na mvua. Vitu viwili vya kila siku, vinavyochoreka kwa mistari michache, havifanani hata ukivitazama kwa jicho moja. Jirani zetu wa Kenya nao, katika kura ya maoni ya katiba ya Novemba 2005, walitumia ndizi kwa ndiyo na chungwa kwa hapana. Chungwa likashinda, na waliolibeba wakalipenda hata wakakiita chama chao kwa jina la rangi yake, kile cha ODM. Tunda lililochapwa kwenye karatasi ya kura likazaa chama cha siasa. Nani atasema kuchora ni mambo ya watoto?

Turudi kwa mama.

Aliporudi nyumbani hakusema neno juu ya maboksi. Kesho yake nilipoingia chumbani kwake nikakuta amepata dawa ya ugonjwa wetu. Vidonge vya sukari, vikiwa katika karatasi zake za bati, amevitia ndani ya kopo la mraba la majani ya chai. Vya presha amevitia ndani ya kopo la mviringo lililokuwa la chumvi.

"Chai ndiyo inayotiwa sukari," akaniambia, kana kwamba anamfundisha mtoto wa chekechea. "Na chumvi ndiyo niliyokatazwa kwa ajili ya presha. Nitakosea wapi tena, mwanangu?"

Niliona nisimame nimpigie saluti. Lakini muuguzi aliyekuja kumpima wiki ile, dada mmoja mpole sana, alipoyaona makopo alitikisa kichwa. Akasema, "Bibi, hapa nyumbani kuna wajukuu. Siku moja mtoto atatumwa majani ya chai." Alikuwa na haki. Ni ule ule msiba wa watu kumimina dawa ya kuulia wadudu katika chupa ya soda. Makopo ya sumu za mashamba huwekewa mkanda wa rangi chini ya kibandiko, kwa utaratibu uliopendekezwa kimataifa: nyekundu kwa zile kali kabisa, kisha njano, kisha bluu, kisha kijani kwa zile zenye hatari ndogo. Kazi nzuri ya usanifu, na inaokoa watu. Ila ukishaimimina sumu katika chupa ya soda, umeuacha mkanda kwenye kopo na umeichukua hatari peke yake, tena umeivika nguo za kinywaji. Mama naye alikuwa amekivika kidonge nguo za chai.

Hapo ndipo nilipomkumbuka fundi wetu wa mabango.

Kwetu Magomeni yupo mzee mmoja anayeandika mabango kwa mkono, kwa rangi ya mafuta na brashi. Ameifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1980. Maduka, saluni, gereji, hata mlango wa zahanati, vilipita mikononi mwake. Sitamtaja jina, kwa sababu kanuni za kituo hiki zinakataza matangazo ya bure, na yeye nilipomweleza hivyo alicheka, akasema basi watu wake wanamjua. Siku hizi watu hao wamepungua. Yamekuja mabango ya plastiki yanayochapwa na mashine, bei yake ni nafuu na yanapatikana siku hiyo hiyo, na mteja anajaziwa picha kumi na namba nne za simu kwa malipo yale yale. Kuna wiki nzima mzee anakaa kibarazani na brashi zake zimelala katika mafuta ya taa.

Nilimpelekea makopo mawili nikamweleza shida yangu. Nilidhani ataniuliza nataka rangi gani. Hakuuliza.

"Bibi anasoma?" akaanza.

Nikamwambia amesoma kisomo cha watu wazima, miaka ile ya 1970. Herufi kubwa anazisoma, ndogo zinamchosha.

"Usiku anavaa miwani?"

"Anaivua akishasali."

"Taa ya chumbani iko upande gani wa kitanda? Makopo yanakaa juu ya kabati au chini? Anashika kwa mkono gani? Umeme ukikatika anawasha nini? Nani mwingine anaingia mle ndani?"

Ndugu msikilizaji, maswali mengine sikuweza kuyajibu. Nimeishi na mama yangu katika nyumba moja kwa muda wote huu, na nilibidi nirudi nyumbani nikatazame taa yake iko upande gani. Iko nyuma ya kichwa. Makopo yanakaa juu ya kimeza kifupi, kwa hiyo mama anayaona kutoka juu, anaona kifuniko. Mzee alipopata habari hiyo akasema, "Basi ndio maana. Ulikuwa unamwandikia ubavuni, naye anatazama utosini."

Alianza kwa kuua chai. Hayo ni maneno yake mwenyewe: "Kwanza lazima chai ife." Akapaka rangi kopo zima, kila picha na kila herufi ya zamani ikafukiwa, ili mtoto asije akaona jani la chai pembeni akashawishika. Akafanya vivyo hivyo kwa kopo la chumvi. Halafu la mraba akalipaka njano, akachora jua jeusi juu ya kifuniko, maana dawa ya sukari ni ya asubuhi. La mviringo akalipaka bluu iliyoiva, na juu ya kifuniko chake akachora mwezi mweupe. Maneno SUKARI na PRESHA akayaandika kwa herufi kubwa, urefu wa kidole gumba, juu na ubavuni. Nilimwuliza kwa nini jua jeusi, maana nimezoea jua la njano au jekundu. Akaniambia nyeusi juu ya njano ndiyo inayoonwa na jicho la mzee kabla ya nyingine, na kwamba bibi anatafuta alama, hatafuti uzuri wa jua. Akanionyesha kwa kidole bango la plastiki lililotundikwa ng'ambo ya barabara, la kliniki mpya, limeandikwa kwa njano juu ya nyeupe.

"Hapo mgonjwa anapita tu," akasema. Hakuilaani mashine, lakini. Alisema mashine ingeandika vizuri kama mwenye kliniki angeulizwa wagonjwa wake wanatoka njia gani.

Niliyapeleka makopo nyumbani baada ya kukauka siku tatu nje. Mama akayapokea, akanipa niyashike, akaniambia nisogee mlangoni. Mnajua sababu. Akayatazama kwa muda.

"Hayana pindo," akasema. "Na hilo jina la presha limekaa juu mno, mwambie alishushe."

Nilirudi kwa mzee nikiwa na haya. Yeye alifurahi kama mtu aliyepata mwanafunzi. Akazungusha pindo jembamba kwenye vifuniko vyote viwili, akalifuta neno PRESHA ubavuni akaliandika upya chini kidogo. Na kweli, baada ya kushushwa lilitulia. Pesa alikataa kupokea. Nikampelekea kilo mbili za mchele, hizo alizipokea.

Baada ya hapo nilisoma habari za wengine waliopatwa na yaliyotupata. Marekani yupo msanifu aitwaye Deborah Adler, ambaye bibi yake alimeza kwa makosa dawa za babu yake. Adler alikuwa akisomea usanifu huko New York, akaifanya chupa ya dawa kuwa kazi yake ya kuhitimu. Mwaka 2005 maduka ya Target yakaanza kuitumia: chupa nyekundu iliyosimama juu ya kifuniko chake, yenye ubavu bapa, jina la dawa limeandikwa juu kabisa kwa herufi nene, na pete ya mpira ya rangi mbalimbali kwa kila mtu wa nyumba ile. Babu na rangi yake, bibi na rangi yake. Chupa hiyo ilisifiwa mno, ikawekwa hata katika maonyesho ya jumba la sanaa la MoMA. Lakini mwaka 2015 maduka ya dawa ya Target yakanunuliwa na kampuni ya CVS, chupa ikaondolewa, wateja wakarudishiwa kichupa cha mviringo cha kawaida, na wengi wakalalamika. Kwa hiyo tusidhani kwamba kitu kikishakuwa kizuri basi kitadumu. Kuna mtu siku zote anapiga hesabu.

Shirika la Afya Duniani nalo, mwezi Machi 2017, lilitangaza kampeni ya kupunguza kwa nusu, katika miaka mitano, madhara makubwa yanayoweza kuepukika yatokanayo na makosa ya dawa. Miongoni mwa mambo yaliyotajwa ni dawa zinazofanana majina na zinazofanana maboksi. Nilifarijika kidogo kuona mama yangu hakuwa peke yake. Nilikwenda pia kwa mfamasia wa duka letu, si kugombana, bali kumwonyesha maboksi yale. Aliniambia anayajua. Yeye mwenyewe ameyatenga, moja rafu ya juu na jingine rafu ya chini, ili wasaidizi wake wasikosee. Nikamwuliza kama wauzaji wanayatenga, sisi wanunuzi tunayapewa vipi katika mfuko mmoja. Alinyamaza, kisha akachukua kalamu nene akaandika juu ya boksi moja U, yaani usiku. Sasa naambiwa anawafanyia hivyo wazee wote. Kalamu moja tu.

Nami ninalo ombi kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo ndiyo inayosajili dawa nchini. Boksi likiletwa, lisitazamwe peke yake. Liwekwe mezani pamoja na ndugu zake wa kiwanda kimoja, katika chumba chenye taa moja hafifu, na aitwe mama mmoja wa miaka 70 asiye na miwani. Akiyachanganya, yarudishwe. Gharama yake ni nauli ya huyo mama.

Na kwa vijana wanaofanya kazi hii ya kompyuta, ambao najua baadhi yenu mnasoma ukurasa huu, nawaomba msinichukie. Vitu vyenu vizuri navitazama siku hizi kuliko zamani. Kuna mfuko mmoja wa unga ninaoununua kwa sababu tu mtu aliyeupanga ameandika tarehe ya mwisho mahali ninapoiona bila kuugeuza, na kila ninapoufungua namshukuru mtu nisiyemjua. Kampuni ya Coca-Cola ilipotafuta chupa mpya mwaka 1915 iliwataka watengenezaji wa vioo walete chupa ambayo mtu ataitambua kwa kuigusa gizani. Hilo lilikuwa sharti la kuuza soda. Kwa dawa tunashindwaje?

Wiki iliyopita umeme ulikatika mtaani kwetu yapata saa tatu ya usiku. Nilikuwa sebuleni natafuta mshumaa nikasikia kutoka chumbani kwa mama mlio wa kifuniko cha bati. Nikaharakisha, nikajigonga kwenye kiti.

"Mama, subiri nije na taa!"

"Ya nini?" akajibu. "Nimeshika la mviringo."

Kisha nikasikia anakunywa maji.